Namba Kumi na Saba

Meneja wetu hajawahi kufungua hata nati moja maishani mwake, lakini ndiye aliyetufundisha namna mashine zinavyoharibika. Alirudi kutoka semina ya siku mbili mjini Iringa akiwa na programu ya kusimamia matengenezo. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kila hitilafu pale kiwandani Ilula itakuwa na namba yake, na fundi ataichagua kwenye simu kabla ya kufunga kazi. Kuandaa orodha ya namba nikapewa mimi, mpangaji wa matengenezo, na sitajitetea: nilifurahi. Nilikuwa nimetoka Mbeya na stashahada yangu, nikijiona bora kuliko mafundi walioandika kwenye daftari, "Pampu imelia, tumeinyamazisha."

Niliandika beringi kuisha, mkanda kukatika, sili kuvuja, mpaka zikafika thelathini. Meneja akafuta "sababu nyingine" kwa kuwa, alisema, ni kichaka cha wavivu, na mahali pake akaweka ya kwake: namba kumi na saba, uzembe wa mwendeshaji. Namba nyingine zote zilidai picha, vipimo na namba ya kipuri ndipo kazi ikubali kufungwa. Hiyo ya kwake haikudai chochote, maana uzembe hauna kipuri. Niliiona tofauti hiyo siku ileile, nikaiacha.

Mafundi walilalamika kwamba mikono ina grisi na mtandao unasuasua. Meneja akawajibu kuwa mchagua jembe si mkulima, yeye ambaye jembe analijua kwa picha. Haikupita wiki wakaujua mlango ulio wazi. Beringi ikifa, kumi na saba. Mkanda ukikatika, kumi na saba. Hawakuwa na chuki na mtu yeyote, walitaka tu kwenda kula.

Iliyoharibika kuliko zote ilikuwa mashine ya kusaga nyanya, ambayo ilinunuliwa ikiwa imeshachoka. Mwendeshaji wake alikuwa mama mmoja wa Kihehe. Akisema asubuhi kwamba leo itasumbua, basi ilisumbua, na hakuhitaji simu kulijua hilo.

Msimu ulipokwisha meneja alichapisha grafu ya rangi, nguzo moja nyekundu, ya kumi na saba, ikiwa juu ya zote, akaishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Takwimu hazidanganyi, alisema. Nyani haoni kundule. Alimwita yule mama ofisini ili amwachishe kazi, akaniita na mimi nieleze grafu.

Mama alisimama na kofia ya kazi mkononi. Grafu hakuigusa. Aliomba tu asomewe mkanda mkubwa ulikatika lini, nami nikasoma tarehe.

"Siku hiyo nilikuwa kijijini namzika mama yangu," alisema. "Ruhusa alisaini meneja."

Meneja akasema huenda aliiacha mashine vibaya. Kisha akanigeukia. Nilijua ukweli wote, kwamba mafundi walichagua kumi na saba kwa sababu ndiyo pekee isiyowasumbua, na sentensi moja ingemwokoa. Lakini orodha ilikuwa yangu, na mkataba wangu ulikuwa mezani unasubiri kusainiwa upya. Nikasema mfumo unaonyesha hivyo.

Mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mwanangu," alisema, "na wewe uliyeandika orodha, kosa lako ni namba ngapi?"

Meneja alicheka, akadhani ni utani. Barua ikatoka siku hiyohiyo.

Mashine inaharibika kama zamani, na mwendeshaji mpya naye ni kumi na saba. Meneja anasema watu wa siku hizi hawana umakini. Yule mama anauza nyanya kando ya barabara, karibu na geti letu, na kila asubuhi hunisalimia, "Kamwene." Mimi huwa nimeweka simu sikioni, naongea na mtu ambaye hayupo.