Ngumi Imefunga, Mkono Bado Unaenda

Mwalimu wa kwaya aliporudi kutoka likizo, alianza kuongoza akiwa amebana viwiko mbavuni. Waimbaji wake, watu ishirini na kitu wanaokutana jioni katika ukumbi wa shule, walidhani anaumwa. Aliyeuliza ni Filimbi, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Mwalimu, mbona unaongoza kama umebana kipimajoto kwapani?"

Kwaya ikaangua kicheko. Mwalimu akavuta mikono ya sweta hadi viganjani. "Tuanze upya," akasema.

Mle ukumbini ukweli aliujua mtu mmoja tu: mumewe, fundi umeme, anayeimba besi mstari wa nyuma. Ndiye aliyempeleka kliniki kufyonzwa mafuta ya mikono, ingawa hadi mlangoni alikuwa bado anauliza mikono ile imekosa nini. Mwalimu alikuwa amechoka kutembea na mikono minene ya shangazi zake. Daktari alimweleza kwamba mafuta yatatoka, na kwamba ngozi ya mtu wa umri wake huenda isijikaze yote. Alisikia nusu ya kwanza.

Miezi ilipita. Mkono wa kulia ukabaki na bonde dogo juu ya kiwiko. Wa kushoto ukaning'inia kwa chini kama mfuko uliomwagwa nusu. Daktari alimshauri asubiri mwaka utimie ndipo waangalie tena. Ngozi iliyozidi inaweza kukatwa, alisema, lakini kovu litatoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Mwalimu alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba baada ya onyesho la Jumamosi kwaya anamwachia msaidizi wake.

"Kwaya umeianzisha wewe."

"Na mbele ya kwaya unasimama na mikono. Hawana kingine cha kuangalia."

Mume aliendelea kumkanda mikono kama daktari alivyoelekeza, vidole gumba vikisukuma taratibu kutoka kiwikoni kwenda juu, vikipunguza nguvu kila vilipofika kwenye lile bonde.

Alhamisi, mazoezi ya mwisho, ukumbi ulikuwa na joto la kuchemsha maji. Besi walikosea kuingia, wakarudia, wakakosea tena, fundi umeme akiwa mmoja wao.

"Besi, mmelala?"

"Hatuuoni mkono, mama watoto," mumewe akasema. Ukumbini huwa anamwita Mwalimu, kama wengine wote.

Mwalimu akavua sweta, akalitupa juu ya kiti, akabaki na blauzi ya mikono mifupi. Akainua mkono wa kushoto wote, hadi juu. Besi wakaingia kwa pamoja, na wimbo ukaenda vizuri hadi mwisho. Akafunga ngumi. Wanaume wakakata. Sauti ya kwanza wakaendelea kuvuta.

"Nimefunga! Mnasubiri nini?"

Filimbi akawatazama wenzake, hakupata msaada. "Mwalimu, usinichukie. Ngumi imefunga, lakini huku chini mkono bado unaenda. Tukadhani unataka turefushe."

Fundi umeme akainamisha uso. Mwalimu akainua mkono, akafunga ngumi tena, safari hii akigeuza kichwa kujitazama. Kweli: ngozi ilibembea, ikabembea tena, ndipo ikatulia. Akaanza kucheka kabla ya mtu mwingine yeyote, akacheka hadi machozi yakamtoka, na kwa muda hakuna aliyejua kama bado anacheka.

"Fuateni ngumi," akasema akijifuta. "Hiyo nyingine ina mwalimu wake."

Hapo ndipo kwaya nayo ikacheka. Filimbi akaja mbele, akamshika mkono uleule, kwa mikono yake yote miwili.

"Sisi tulidhani umetuchoka."

"Nyinyi? Hapana, dada. Nilijichoka mwenyewe kidogo."

Walipokuwa wanapanga viti, mumewe alimsogelea. "Na kule kwa daktari?"

"Tutaenda mwaka ukitimia. Pengine nitakatwa hiyo ngozi, pengine nitaiacha. Sijui bado." Kisha akageuka kumtafuta msaidizi wake. "Wewe! Jumamosi ukishamaliza kuimba, usije mbele. Na wiki ijayo pia naongoza mimi."

Msaidizi akaweka kiti chini. "Nashukuru sana, Mwalimu. Tangu uniambie, sijapata usingizi."