Kadi Alizomkatia Nicholas

Kalondu alifundisha chekechea hapa Voi mpaka akastaafu, na kwa kutengeneza kadi za salamu hakuna aliyemfikia. Kadi za wengine zilifunguka tu; zake zilitembea. Ukivuta ulimi wa karatasi uliochomoza pembeni, tembo anainua mkonga, bibi harusi anageuza uso. Rashid, mwenye duka la vitabu karibu na stendi, aliziuza kwa niaba yake kila Krismasi na kila Idi.

Mumewe Nicholas alipoanza kusahau, walidhani ni uzee tu. Kisha akawa anavaa koti la kazi asubuhi aende relini, na alishastaafu zamani. Pasaka, Mbinya, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Mombasa. Baba yake akamfukuza kwa fimbo akidhani ni mwizi. Daktari akasema ugonjwa huo haurudi nyuma.

Kalondu hakukubali. Nicholas alipotimiza miaka sabini na mbili, alimkatia kadi ya manila yenye treni ya Taveta, mabehewa matatu yaliyoungwa kwa uzi, yanayopita kwenye mkato mrefu aliopasua kwa wembe. Nicholas akavuta ulimi, treni ikaondoka.

"Mwatate," akasema, akitaja stesheni. Akavuta tena. "Bura. Maktau."

Kalondu alitoka nje akalia kwa furaha.

Kadi iliyofuata ilikuwa ya nyumba yao. Ukivuta, mlango wa bluu unafunguka, Mbinya anatokea, anapunga mkono. Uso peke yake ulimchukua siku nne.

"Huyu ni nani?" Kalondu alimuuliza.

"Si ni Mbinya wangu!"

Kila asubuhi alimuuliza, na kila asubuhi akajibiwa vivyo hivyo. Mwisho akampigia binti yake simu. "Njoo, mwanangu. Anakutaja kila siku."

Mbinya alifika Jumamosi, na nguo za wiki nzima. Nicholas alikuwa ameketi barazani, kadi mapajani.

"Baba, habari yako?"

Akamtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mchuuzi mlangoni. "Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Ni mimi, Baba. Mbinya."

Nicholas akacheka, akavuta ulimi wa kadi. "Mbinya huyu hapa. Umeona anavyonipungia? Huyu hanisahau hata siku moja."

Mbinya akachuchumaa mbele yake, akanyoosha mkono. Mzee akaivuta kadi kifuani.

"Usimguse! Utamvunja."

Jikoni, Mbinya alisimama akiegemea ukuta. Hakulia. "Mama," akasema, "umemtengenezea mtoto mwingine."

Jioni haijafika, Mbinya akabeba begi lake akarudi Mombasa.

Kesho yake Kalondu akaificha kadi ile juu ya kabati. Nicholas alipindua magodoro, akavua viatu akaangalia ndani, akaenda kwa majirani kuwaambia mtoto wake amepotea. Siku ya pili hakula. Kalondu akamrudishia.

Kufikia Agosti ulimi ulikuwa umekatika. Kalondu akabandika mwingine. Siku moja akamkuta anaitafuna pembe ya kadi, na alipomuuliza, "Huyu ni nani?" Nicholas aliendelea kutafuna tu.

Novemba Rashid alipita nyumbani. "Mama Mbinya, watu wanaulizia kadi zako."

"Waambie sikati tena, Rashid."

"Hata chache tu?"

"Hata moja."

Rashid hakumlazimisha. Alimsalimia Nicholas, akaenda zake.

Mbinya hupiga simu Jumapili, baada ya kanisa. Zamani Kalondu alikuwa anaweka simu kwenye sikio la mzee. Siku hizi Mbinya akiuliza, "Baba yuko?" mama yake hujibu, "Amelala," na Nicholas ameketi palepale kando yake, macho wazi.