Jogoo wa Mtani

Miaka ya hamsini nilipanga chumba Kariakoo, nikisomea shahada ya pili ya elimu ya uhalifu kwa njia ya posta. Ya kwanza nilikuwa nimeipata Uganda. Mchana nilikuwa karani wa mahakama. Jioni nilifungua bahasha nene za kahawia kutoka Ulaya na kuandika tasnifu yangu juu ya wizi wa sokoni. Harufu ya karatasi zile, ikichanganyika na moshi wa mkaa kutoka uani, naisikia hata leo.

Ninyi mnaosoma somo hili sasa, niwaeleze kosa langu polepole. Msiogope kukosea, mimi nilikosea vizuri sana.

Mwalimu wangu wa mbali aliniandikia nisitegemee majalada ya mahakama tu, nikaone kwa macho. Basi Jumamosi moja nikasimama sokoni na daftari, karibu na mama mwenye nyumba wangu, Mzaramo aliyeuza kuku. Akapita hamali mmoja Mnyamwezi. Akatua gunia, akachomoa jogoo kwenye tenga, akaenda zake bila haraka.

"Mwizi! Jamani, Mnyamwezi ananiibia!" mama akapiga kelele.

Nikamkimbilia askari, nikamwonyesha, naye akamkamata hamali kwenye kona na kumpeleka kituoni. Nilikwenda nao, nikaandika maelezo kwa mwandiko wangu mzuri wa kimahakama, kisha nikarudi kifua mbele.

"Mama, mwizi wako amekamatwa."

"Mwizi gani?"

"Yule wa jogoo."

Akashika kichwa. "Mwanangu, umenifungia mtani wangu! Mamangu alipofariki, nani alishuka kaburini? Si yeye?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani huchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe humtukana, wala hakuna anayekasirika. Siku ya msiba huyo huyo ndiye anayekuchimbia kaburi. Kelele za mama zilikuwa sehemu ya mchezo.

Lakini kituoni haukuwa mchezo tena. Jumatatu hamali angepelekwa kortini, na hamali aliyetiwa hatiani kwa wizi alinyang'anywa kipande, kile kibali cha kubebea mizigo sokoni. Alikuwa na watoto wanne.

Tukaenda mbio, mama mbele. Sajini akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, mlalamikaji si wewe. Ni huyu karani. Yeye ndiye aandike kwamba alikosea."

Nilijua karatasi ile ingesomwa na makarani wenzangu wote. Niliandika hata hivyo, nikatia sahihi.

Hamali akatoka na jogoo kwapani. Jogoo naye alikuwa amewekwa kituoni kama kielelezo cha ushahidi.

"Mnyamwezi, umemlaza kuku wangu rumande!" mama akamfokea.

"Kuku gani huyu? Amekonda hivi, hata askari wamemkataa."

"Amekonda kwa kukuona wewe!"

Kisha hamali akanigeukia. "Bwana msomi, kwenu wapi?"

"Uchagani."

"Huko hamna watani?"

"Tunao. Wapare."

"Mpare akikuchukulia ndizi, unaita askari?"

Mpare gani aliyepita kwetu asiondoke na kitu? Baba alikuwa akimtukana hadi barabarani huku akicheka. Utani niliujua tangu utotoni, ila sikudhani ulistahili kuingia kwenye daftari langu.

Jogoo alipikwa kwa nazi jioni ile ile, tukala watatu uani. Baadaye nikaichana sura ya kwanza ya tasnifu, nikaanza upya kwa swali dogo: aliyechukuliwa kitu anasemaje? Sikuwa nimenawa vizuri. Ukurasa ulikwenda Ulaya na doa la mchuzi, mwalimu akaurudisha doa limezungushiwa wino mwekundu, ameandika kando: "Hiki ni nini?"

Ilinichukua barua mbili kumweleza.