Capucine, Mke Mwenza Wangu

Mume wangu Anselme alikuwa mtunza farasi hapa Chantilly, Ufaransa, na mimi Honorine nilikuwa mke wa pili. Wa kwanza alikuwa Capucine, farasi jike wa mbio. Msinicheke! Capucine akikohoa, Anselme analala zizini. Mimi nilipougua kifua wiki nzima, aliniwekea supu ya vitunguu mezani akaenda zake.

"Unamwonea wivu mnyama, Honorine?" Anselme aliniuliza.

"Mnyama? Mnyama ni wewe!"

Majirani waliniambia wivu ni kidonda. Basi mimi nilikuwa vidonda mwili mzima.

Jumapili ya mbio za Longchamp, Capucine aligoma kwenda kwenye mstari wa kuanzia. Alirusha mateke, mpandaji akashuka kwa woga. Anselme akamwegemezea paji la uso shingoni, akamnong'oneza mpaka akatulia. Capucine akashinda mbio. Mchoraji mmoja aliyekuwa uzioni na kalamu na wino akampa Anselme karatasi, naye Anselme akaja nayo nyumbani anacheka peke yake.

"Huyu kachora au kamwaga wino?" niliuliza. Umati ulikuwa vidoa, wapanda farasi mikwaruzo. Lakini pale katikati, kwa mistari sita tu, nilimtambua mume wangu, bega limelegea, kamlalia yule. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mimi hajanilegezea bega hivyo hata siku moja. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Nilitaka kuitia motoni. Yeye akaipigilia juu ya kitanda chetu.

Vuli ile tajiri mwenye farasi akamuuza Capucine kwa Mwingereza. Eeh, nilifurahi! Nilipika sungura kwa haradali, nikavaa na hereni. Anselme hakugusa chakula.

"Mwingereza anataka mtu anayemjua farasi," alisema. "Ananichukua na mimi."

"Na mimi je?"

"Nitakuandikia."

"Hujui kuandika, Anselme!"

Akainama. Asubuhi alifunga viatu vyake na brashi za farasi kwenye shuka. Nikajikaza nisilie mbele yake.

"Na lile takataka lako ukutani, lichukue!"

"Nakuachia wewe," alisema kwa upole, na alimaanisha wema, ndiyo maana iliniua. "Uwe na picha yangu."

Picha yenyewe inaonyesha kisogo. Uso kampa Capucine.