Ndege Aliyeponywa na Baba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnatumiana ile video ya nyanya yenu akimkimbilia ndege milimani Wales, shali mkononi. Someni kwanza, kisha mcheke.

Siku ile mimi na wajukuu tulitoka Birmingham mapema kwenda kwenye hifadhi ya wanyama huko Wales. Nilipofungua mlango wa gari, nikapigwa na harufu ya kondoo walioloa mvua, na papo hapo nikawa mtoto tena, zizini kwetu karibu na Isiolo.

Kwetu, ndege mmoja alitaga mayai chini, kwenye udongo mtupu, mlangoni kabisa mwa zizi. Mama akayazungushia miiba, akafungua mlango mwingine upande wa pili. Basi mbuzi wakawa wanapita pale Baba anapokaa kunywa chai, na chai ikawa yao.

"Mimi nihame kwa ajili ya ndege?" Baba akafoka.

"Wewe una miguu. Mayai hayana."

Baba akaapa kuing'oa ile miiba. Asubuhi alipoikaribia, ndege akatoka akiburuta bawa na kulia. Baba alikuwa mkali wa mdomo tu. Akamfuata amfunge bawa, huku anamsomea dua, wakaenda mpaka kule mbali, na ghafla ndege akaruka, mzima kabisa! Baba akarudi kifua mbele. "Nimemsomea, amepona." Majirani wakaanza kumletea mbuzi wagonjwa. Miiba hakuigusa tena mpaka vifaranga wakatoka. Nani amfukuze mgonjwa wake? Mama alijifunika mtandio usoni, mabega yakamtikisika. Mimi nilidhani analia kwa shukrani.

Kisa hicho nimewasimulia wajukuu tangu wachanga. Sasa kule Wales, ndege wa namna ileile akaanguka mbele yetu akiburuta bawa. Nikamkimbilia na shali nimfunge bawa, nikimsomea dua ileile ya Baba. Msichana mlinzi wa hifadhi akapiga kelele: "Rudi, tafadhali! Hajaumia. Anakuvuta mbali na mayai yake!"

Nikasimama pale na magoti yangu mabovu. Kumbe Mama alikuwa anacheka. Na alijua akisema ukweli, Baba atarudi kwenye miiba.

Mjukuu wangu Hamza, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, siku hiyo Kiswahili kikamtoka chote: "Kwa hiyo, Nyanya, yule mzee alidanganywa na ndege?"

Wote wakaniangalia. Njia ya kuyakwepa mayai ilikuwa ndefu, yenye tope, na walikuwa wameshaanza kunung'unika.

"Zungukeni kule juu," nikawaambia, "na nisisikie mtu analalamika. Na nyumbani kwangu, yule ndege aliponywa na Baba."