Magofu ya Kwetu Kihambani

Mimi nikifurahi husema kwanza, kufikiri baadaye. Ndivyo ilivyokuwa Tongoni, nje kidogo ya mji wa Tanga, siku baba mkwe aliponipeleka kuona magofu. Ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hastaafu kabisa. Alinitangulia ndani ya msikiti usio na paa, akanionyesha kibla, kisha akanipeleka kwenye makaburi yenye nguzo, yenye vishimo ambamo zamani walipachika bakuli za Kichina. Nilitia vidole katika kila kishimo. Nilikuwa nakimbia kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mume wangu akaona haya.

"Kaburi husomwa, mwanangu," baba mkwe alisema. "Tazama limelala wapi, limepakana na nani, kisha uliza jina."

Halafu akaanza utani wake wa pwani. "Na nyinyi huko mlimani? Ndizi mnazo, mbege mnayo. Magofu je?"

Nikadakia. "Tunayo! Kwetu kihambani kuna shimo walimojificha wazee wakati wa vita. Lina vyumba chini kwa chini!"

"Umeliona?"

"Bado."

"Basi Krismasi nitakuja kuliona," akasema, na kwa baba mkwe neno likishatoka limetoka.

Usiku huo ndipo nilipotambua nimemwingiza mama yangu katika mtihani. Habari za shimo zilitoka kwa bibi, mzaa baba, katika miezi yake ya mwisho, mama alipokuwa akimuuguza. Bibi alimwambia kwamba shimo la wazee limo ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi yetu, na kwamba asiache lisahaulike. Hakusema liko wapi, au alisema na mama hakuelewa. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba na kichwa cha ukoo, alipoambiwa alitikisa mkono tu. "Mama alishaanza kusahau," alisema. "Mimi mwenyewe aliniita kwa jina la mjomba wake."

Mama hakukubali. Akachimba nyuma ya zizi, akachimba kando ya choo cha zamani, akachimba katikati ya kahawa mpaka baba mkubwa akakuta mche umelala mizizi juu, akapiga marufuku. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita Mama Mashimo. Hakuna harusi wala ubatizo uliopita bila jina hilo, na mama alicheka pamoja nao. Mimi ni mwanawe, namjua akicheka kweli na akicheka kwa adabu.

Nilimpigia simu. "Umemwalika mzee wa watu aje aone kitu ambacho mimi sijakiona?" aliuliza. "Mbele ya shemeji zangu wote? Asipoliona, mwanangu, nitakufa na jina hilo."

Krismasi kwetu hakuna asiyejua ilivyo: kila Mchagga aliye Dar, Arusha au Mwanza anapanda kurudi. Baba mkwe alifika amevaa masweta mawili na kofia yake ya kiua juu. Kila kitu kilimpendeza. Alisimama kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, akauliza maji yanapandaje kilima, na ami zangu wakabishana kumweleza. Tulimpeleka Marangu kwenye mapango yanayoonyeshwa wageni, tukapita tumejikunja. Alitoka magoti yakiwa na udongo mwekundu, macho yanameta. "Sasa twende kwenye la kwenu," akasema.

Mbuzi tulimwachia yeye amchinje ili ale kwa amani. Ukoo ulijaa uani. Baba mkubwa, akiwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, akaona nafasi yake.

"Mkwe, samahani sana," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hilo shimo linaonekana kwa macho ya shemeji yangu peke yake. Sisi wengine hatujabarikiwa."

Kicheko kilivuma hadi barabarani. Mama aliendelea kukoroga machalari ya ndizi na nyama, kichwa chini. Nilikuwa na mwiko mkononi, na sitasema nilichotaka kufanya nao.

Baba mkwe hakucheka. Aliomba tu kutembezwa shambani, na baba mkubwa na wadogo zake wakamtembeza. Nilifuata nyuma, mama akatufuata na kikombe cha chai ya mgeni. Tulipofika ndani kabisa ya migomba, baba mkwe alisimama mbele ya kichaka cha masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani na juu ya makaburi. Akainua mikono, akaomba dua fupi.

"Huyu ni nani?" akauliza alipomaliza.

"Mzee wetu wa zamani," baba mkubwa alijibu.

"Jina lake?"

Baba mkubwa aligeuka. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akamtazama anayemfuata. Kwetu wazee hawapotei hivyo. Watoto tunawapa majina yao ili wasipotee, na wale wanaume walikuwa na uwezo wa kupanda ukoo mzima kwa majina bila kupumua. Hapo hawakuwa na hata moja.

"Na mbona yuko peke yake?" baba mkwe aliendelea, kwa upole tu, kama yuko darasani. "Wenzake wote nimewaona kule karibu na nyumba."

Kikombe kiligonga kisahani. Nilipogeuka, mama alikuwa ameyakazia macho yale masale.

"Shemeji," alisema taratibu. "Kama hana jina, si mtu."

Shimo la bibi, chini ya masale! Utotoni tulichapwa mpira ukiingia hapo. Hakuna Mchagga anayepiga jembe kwenye masale. Mama mwenyewe, na mashimo yake yote, alikuwa amepita mbali na mahali hapo kwa heshima.

"Hapana," alisema baba mkubwa. "Kahawa ulichimba nikakusamehe. Kaburi, hapana."

Mama aliniachia kikombe. Akachuma jani moja la isale, akalifunga fundo, akapiga goti, akampa baba mkubwa kwa mikono miwili. Isale ni ombi la radhi: ukipewa hivyo huwezi kukataa unaloombwa, hata kama uliapa. Ndiyo mila, na mbele ya mkwe hakukuwa na pa kukimbilia. Baba mkubwa alilitazama jani muda mrefu. Akalipokea.

"Tukikuta mfupa," alisema, "utakuwa umejitoa mwenyewe katika ukoo huu."

"Nimekubali," mama akajibu.

Nilimvuta khanga nimzuie, hakugeuka.

Baba mkubwa alimimina mbege ardhini, akawasemesha wazee kwa Kichagga, akiwaomba radhi kama kuna anayesumbuliwa usingizi. Kisha wadogo zake wakaingia na majembe. Habari ilishafika uani. Shangazi zangu walikuja mbio na mikono yenye mafuta. Mizizi ikakatwa, udongo mwekundu ukarundikana. Kila jembe lilipogonga kitu kigumu mama alifumba macho, na kila mara lilikuwa jiwe. Mawe yalizidi kuwa mengi, na yalikuwa yamepangwa. Niliona yamepangwa! Nikapiga kelele, nikaambiwa nitulie.

Sururu ikapiga, ikazama. Udongo ulianguka kwa ndani, na tukausikia ukiendelea kuanguka. Hewa baridi ikapanda miguuni mwetu, yenye harufu ya chungu kilichofunikwa miaka mingi.

Halafu shangazi yangu mmoja akapiga kigelegele, na wengine wote wakadakia. Nililala kifudifudi na gauni langu la Krismasi, nikamulika kwa tochi ya simu. Nikaona vidato vya kushukia vilivyochongwa ukutani, masizi, na kona ya giza inayoingia kama chumba. Baba mkwe alikuwa amelala ubavuni pangu matopeni, masweta na kofia na yote, akisema "Wallahi! Wallahi!" bila kuchoka. Ami yangu wa mwisho akafungwa kamba, akashuka, akarudi na kigae cha chungu. Alisema ndani kuna mahali ng'ombe anaweza kusimama. Alikuwa akicheka.

Sasa ilieleweka. Wazee walipanda masale juu ya mlango ili adui adhani ni kaburi apite. Walilificha vizuri mno, hata sisi wajukuu wao hatukulijua.

Mama alikuwa bado amesimama palepale, mikono imeshika khanga. Baba mkubwa alinyoosha mgongo. Akatazama shimo, akatazama ukoo, kisha akachuma jani kutoka kwenye masale yaliyolala pembeni. Akalifunga fundo, akaja nalo mbele ya mama. Vigelegele vilikatika. Sijawahi kuona mkubwa wa ukoo akimpa isale mke wa mdogo wake.

Mama alitikisa kichwa.

"Mimi ulinitania tu, shemeji," alisema. "Aliyeambiwa amesahau si mimi."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba, kwenye makaburi.

Baba mkubwa alikwenda. Tulimfuata kwa mbali. Alichuchumaa kwenye kaburi la mama yake, mzee mwenye mikono ya udongo, akaliweka lile jani juu yake na kulinyoosha vizuri.

"Mama," alisema. "Mama, sisi ndio tuliosahau."