Chai ya Kisiki

Habari ilimkuta dada mtu akipinda sketi ya shule kwenye cherehani. Aliyepiga simu ni wifi yake. "Wifi, kaka yako ametutoka. Ameanguka bafuni."

Hakulia. Aliuliza, "Asubuhi alikunywa nini?"

"Chai. Kama kawaida."

Maneno hayo yalimkaa moyoni kama mwiba. Kaka yake alipigana ngumi ujana wake wote, wakamwita Kisiki kwa kuwa haangushiki. Tangu astaafu alikuwa akimnong'oneza, "Wifi yako ananitilia kitu kwenye chai." Watu walisema akili zimemruka. Dada mtu alimwamini. Mtu anayekumbuka kila raundi na kila konde, atakosea kikombe chake mwenyewe?

Hospitali ilisema damu ilivujia kwenye ubongo uliokwisha kuchakaa kwa makonde. Akaguna. Daktari naye ni binadamu, hununulika. Akawaambia wazee wa ukoo mjane asisogee karibu na jeneza mpaka ukweli ujulikane, kisha akaketi jikoni kwa marehemu akimchunga wifi yake kwa macho.

Kocha wa zamani wa marehemu akamkuta hapo. "Mwanangu, hata mimi sikupona. Nilimletea matunda, akanitoa kwa fagio. Eti nimetumwa na mpinzani wake. Na mpinzani mwenyewe tulishamzika."

"Alikutania tu, mzee."

"Basi utani wake ulinilaza na mgongo."

Wapishi wakacheka chini chini. Dada mtu akamgeukia wifi yake. "Uji wangu niliomletea Jumapili je? Ule aliunywa."

Wifi aliendelea kusugua sufuria. "Aliumwaga, wifi. Alisema mimi na wewe lugha yetu moja. Nilikuwa naiosha ile chupa yako ya uji ndipo nakurudishia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi kwamba anakuamini. Nikunyang'anye na hilo?"

Dada mtu alikosa pa kuweka macho. Alimwomba Mungu msamaha pale pale, akatoka kwenda kwa wazee kuyafuta maneno yake.

Asubuhi ya maziko mjane aliketi upande wa kichwa cha jeneza, dada mtu kando yake. Watu wakapita kumuaga marehemu, sala ikasomwa, jeneza likateremshwa. Mjane akatupa udongo wa kwanza. Dada mtu akafuata.